Alama ya Chokaa Chini ya Jabali

Vijana wangu mliopokea funguo za stoo ya uwanja, hamjambo?

Juzi mmoja wenu, yule binti mwenye bidii, alinikuta nyumbani naanika uwele. Akanipa shikamoo, akakaa juu ya ndoo niliyoipindua, akatazama kuku kwa muda, halafu akauliza: "Babu, ile alama ndogo ya chokaa chini ya jabali, nje kabisa ya mistari, ni ya nini? Kwenye mchoro wa uwanja haipo, lakini kila mwaka tulikuona unaichora." Nikamwambia ni habari ndefu. Akatoa daftari jipya na kalamu mbili, kumbe alikuja amejiandaa. Basi naandika. Mkono wangu umezoea ndoo ya chokaa kuliko kalamu, mkikuta mstari umepinda mnisamehe.

Kwa wale msionijua, mimi ni Elia, mzaliwa wa Misigiri. Nimetunza uwanja wetu wa Majabali, hapa nje kidogo ya mji wa Singida, mpaka magoti yakaomba ruhusa. Watu hudhani mtunza uwanja ni mtu wa mpira. Mpira haukuwahi kunisumbua, unataka magoli mawili na watu wa kugombana na refa. Kazi nilifundishwa na bendi.

Mnajua mkutano wa bendi unaofanyika kwetu kila mwaka baada ya mavuno. Bendi za ngoma na matarumbeta zinatoka makanisani, shuleni na mitaani, zinapiga huku zinatembea, na kule kutembea kunachora maumbo uwanjani: nyota, mwezi, jembe, na mengine ambayo mpaka uambiwe. Ninyi mmekua mkiukuta hapa, mnadhani ulizaliwa hapa. Haukuzaliwa hapa. Ulikuwa ukizunguka, leo Dodoma, kesho Tabora, na sisi tulikuwa tunausikia kwa watu. Ulipokuja kwetu ulikuja kwa majaribio, na mwaka wa tatu ulikuwa karibu kutuponyoka. Kosa lilikuwa langu, na aliyelirekebisha alikuwa mke wangu.

Mke wangu aliitwa Monika. Wengi mlimwita Mama Neema. Alipokuwa msichana alipiga ngoma ndogo ya fimbo mbili katika bendi ya vijana ya kanisa lao. Mimi nilimpenda kwa sababu ya ngoma hiyo, sina aibu kusema. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na jembe begani, bendi ikapita, na msichana mmoja mfupi mstari wa nyuma alikuwa anapiga kama vile barabara nzima ni yake. Baada ya ndoa aliacha kupiga, watoto hawampi mtu nafasi ya kushika fimbo mbili, lakini kuzifuata bendi hakuacha. Mkutano ukiwa popote alifunga kanga zake na kwenda. Nilibaki na watoto na ugali wangu wa kuungua.

Halafu akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mguu na mkono, na mdomo ukavutika kidogo. Mungu akamwachia maneno, na maneno yake nayo hayakupungua makali. Safari za basi zikaisha. Alisafiri mara moja tu baada ya hapo, kwenda hospitali, akarudi akasema afadhali kubebwa kama gunia la vitunguu, maana gunia halioni aibu. Kwa hiyo mkutano ulipoletwa Singida kwa majaribio, wengine walifurahia wageni na biashara. Mimi nilifurahi kwa sababu Monika angeweza kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu kutoka nyumbani hadi uwanjani. Ukiondoka, asingezisikia tena bendi. Hilo lilikuwa wazi kwangu kila asubuhi nilipokuwa nachanganya chokaa.

Sasa niwaambie jambo ambalo halipo kwenye daftari la makabidhiano. Mkutano wa bendi haukai mahali kwa sababu viongozi wamependa. Unakaa pale wapenzi wa bendi wanapopenda. Hawa ni watu wa ajabu. Hawana jamaa kwenye bendi, hawapati kitu, lakini watatoka Manyoni, Nzega, hata mbali zaidi, walale juu ya mkeka siku mbili tatu ili wasikie tarumbeta. Bendi zinawafuata wao. Bendi ikipiga kwa watu waliochoka na wanaotazama saa, mwaka unaofuata haiji.

Kiongozi wao asiyechaguliwa alikuwa Bi Zaituni wa Itigi, mjane wa mfanyakazi wa reli. Alikuja na kigoda chake, chupa ya chai na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwaka wa kwanza alifika siku moja kabla, akanikuta napiga kamba, akasimama ananitazama mpaka nikaona haya.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Choo kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaenda, akarudi. "Mlango hauna komeo."

"Tutaweka mama."

"Mtaweka lini? Mimi nimekuja leo."

Nilienda kuweka komeo wakati huohuo. Aliporudi kukagua akacheka, akanipa chai, akanifundisha mengi kwa muda wa kikombe kimoja. Alisema yeye hachagui mji kwa majengo. Anamwuliza njia mtu wa kwanza anayekutana naye, na akijibiwa kwa kunyooshewa kidole tu anajua mji huo umechoka, lakini akisindikizwa hadi kona anaanza kutafuta pa kulala bila wasiwasi. Alisema mpenzi wa bendi hali vizuri akiwa nyumbani, anakula vizuri safarini, kwa hiyo kuku wetu wa kienyeji wapikwe kweli, wasipashwe moto. Alisema maji ya kunywa yawe karibu na watu waliokaa, si karibu na gari la kamati. "Na sisi wazee," akasema, "tunataka kujua jina la mwenye nyumba tunakolala, tukimwombea dua tusikosee."

Ndiyo maana mpaka leo wageni hatuwapeleki tu, tunawakabidhi kwa jina. Wanawake wa msikitini na wanawake wa kanisani walikaa kikao kimoja wakagawana nyumba, na mgeni wa Kikristo analala kwa Waislamu bila mtu kuuliza, na kinyume chake. Bi Zaituni mwenyewe alilala kwetu. Yeye na Monika walizungumza bendi mpaka nikawaachia sebule.

Aliyenifundisha udongo ni mtu mwingine, Mzee Hamisi, mtunza uwanja aliyenitangulia. Huyu alikuwa na hasira za karibu na kicheko cha karibu pia. Alinifundisha kumwagilia uwanja jioni ya kuamkia siku yenyewe na tena alfajiri, halafu kuacha kabisa, maana ukimwagilia mchana unatengeneza tope na bendi zinavaa viatu vyeupe. Alinifundisha kwamba chokaa hushika kwenye udongo wenye unyevu, na kwamba majivu si chokaa. Hilo la majivu nilijifunza kwa vitendo. Chokaa iliniishia nikamalizia mstari kwa majivu ya jikoni, upepo wa Singida mnaujua, na kiongozi wa bendi ya kwanza aliyekuwa anafuata mstari wangu akaupoteza katikati akawapeleka wenzake moja kwa moja hadi vyooni. Walikuwa wanapiga vizuri sana, ikawa aibu kuwasimamisha.

Kosa la maganda ya alizeti ni baya zaidi. Vumbi lilikuwa linanisumbua, nikajiona mjanja. Nikaomba maganda kule wanakokamua mafuta, nikayatandaza uwanja mzima, vumbi likatulia kabisa. Mzee Hamisi hakuwepo siku hiyo, angenizuia. Bendi ya wanafunzi ikaingia kwa madaha, matarumbeta yakainuliwa, na mbuzi wa mtaa mzima wakaingia kutoka upande wa pili. Wakifuatiwa na kuku. Mbuzi hawaogopi ngoma kubwa, hilo nalo nilikuwa silijui. Mzee Hamisi alipopata habari alikuja akaokota ganda moja, akalinusa, akanitazama. "Elia," akasema, "umewaandalia wageni au umewaandalia mbuzi?"

Ninawacheka wale mbuzi leo. Kosa la tatu sikulicheka, kwa sababu sikujua kwamba ni kosa.

Mnaujua uwanja ulivyo. Mashariki kuna barabara, geti na jukwaa la saruji lenye paa la bati. Magharibi kuna majabali yenyewe, yamepangana kama ngazi za mtu mkubwa. Jukwaa ni mahali pa mgeni rasmi. Zinawekwa sofa zenye vitambaa, meza ya maua, maji ya chupa. Na kila kitu katika nchi yetu kinamtazama mgeni rasmi. Watoto wa shule wakiimba wanamtazama yeye, wakicheza ngoma wanamtazama yeye. Nilipochora uwanja kwa ajili ya bendi sikuwaza hata kidogo. Mstari wa mbele nikauweka upande wa jukwaa, na mshale mkubwa wa katikati, ule unaowaonyesha bendi uso wao uwe wapi, nikauelekeza kwa mgeni rasmi. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo na hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe nilisimama kona ya jukwaa na ndoo yangu, nikaona nyuso, nikaridhika.

Mwaka wa kwanza watu walianza kuondoka kabla ya alasiri. Tukasema ni njaa. Tukawahamishia wapika kuku upande wa kaskazini, kwa sababu pale getini upepo ulipeleka moshi kwa wapigaji na mpiga tuba mmoja, mwenye lile tarumbeta kubwa kuliko yote, alikohoa mpaka akakaa chini. Mwaka wa pili choo kilikuwa na komeo, maji yalikuwa karibu, moshi haukuwepo, na watu wakaondoka tena. Jioni viongozi wa bendi wakatuita. Walisema kwa upole, na upole ule ulinitisha. Wageni wanapenda nyumba zenu na chakula chenu, walisema, lakini uwanjani hawakai. Mwakani tutakuja mara ya mwisho. Wasipokaa, tutatafuta mji mwingine.

Nilirudi nyumbani. Monika alikuwa uani kwenye kiti chake, na jirani yetu alikuwa anapepeta uwele pembeni. Nikamweleza. Nilitegemea atalia. Badala yake akaniuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza mimi tangu mwaka wa kwanza.

"Baba Neema, unajua mimi nimeona nini pale uwanjani?"

"Umeona bendi."

"Nimeona migongo."

Nilidhani anatania. Kwa sababu ya jua tulikuwa tunamweka chini ya jabali kubwa, upande wa magharibi, ambako kivuli huanza mapema mchana. Na si yeye tu. Wapenzi wote wa bendi hukaa huko, juu ya majabali, kwa sababu maumbo huyaoni ukiwa umesimama chini, unayaona ukiwa juu. Jukwaani wanakaa watu kumi na kitu, na wenyewe wamekunja nyuso kwa sababu jua la mchana linawapiga machoni. Majabalini wanakaa wengine wote.

"Miaka miwili naona migongo ya mashati," akasema. "Nyota ikichorwa, kichwa chake kiko huko kwenu. Na sauti siipati. Naona mashavu yamevimba kwa nyuma, sauti imekwenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi umefurahi."

Hapo ndipo moyo uliniuma, vijana. Mwanamke aliyepiga ngoma barabara nzima ikawa yake alikaa miaka miwili akitazama migongo, kisha akanyamaza ili nisihuzunike.

Halafu akanyoosha mkono wake wa kushoto kwa yule jirani anayepepeta. "Mtazame Mama Juma. Kwa nini ameupa upepo mgongo?"

Kila mtu hapa anajua. Upepo wetu wakati wa mavuno unatoka mashariki. Anayepepeta huupa mgongo ili makapi yaende mbele. Ukiutazama upepo, makapi yanakurudia machoni.

"Sasa wewe," akasema Monika, "umewasimamisha watoto wa watu wapulize tarumbeta kwenye mdomo wa upepo. Sauti yao ni makapi?"

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Mzee Hamisi, ambaye alikuwa hawezi tena kutembea mbali. Nikamweleza. Akajipiga paja. Alisema hata yeye alichora hivyo miaka yote kwenye sherehe za uwanjani, na aliyemtangulia pia. "Tulimchorea mtu wa sofa," akasema. Aliniambia niende majabalini nikae pale anapokaa mke wangu, alasiri, na mtu asimame katikati ya uwanja apige filimbi akiwa amelitazama jabali. Nilifanya hivyo. Ile filimbi ilikuja na upepo, ikagonga jabali nyuma yangu, ikarudi, nikahisi iko ndani ya kofia.

Mwaka wa tatu ulipofika sikumwambia Katibu. Katibu wa kamati alikuwa kijana msafi, mtu wa shati jeupe, anayependa kila kitu kiende kwa ratiba, na nilijua nikimwomba atakataa kwa heshima. Hilo halikuwa zuri, na ninyi msiige. Jioni ya kuamkia mkutano nilimwagilia, na alfajiri nikamwagilia tena, nikapiga kamba, nikachora uwanja mzima kinyume. Mstari wa mbele majabalini. Mshale majabalini. Mwisho nikachora alama ndogo ya msalaba chini ya jabali kubwa, mahali pa kiti cha Monika, nikaupima mstari wa katikati ili alama iwe sawasawa na ncha ya mshale.

Katibu alifika saa mbili asubuhi. Alitazama. Akatembea mpaka kwenye mshale, akausimamia.

"Mzee Elia, shikamoo."

"Marahaba."

"Huu mshale unaelekea wapi?"

"Majabalini."

"Na mgeni rasmi anakaa wapi?"

"Jukwaani."

"Kwa hiyo mzee wangu, leo tunampa mgeni rasmi migongo?"

"Miaka miwili tumewapa migongo wageni wote wengine, mwanangu."

Akasema nifute. Nikamwambia chokaa imeshika, na kuifuta ni jembe na maji ya nusu siku. Bendi ya kwanza ilikuwa inashuka kwenye lori getini. Kijana wa watu alifungua ratiba yake, akaifunga, akaifungua tena, na nilimwonea huruma kabisa, maana naye alikuwa na wakubwa wake. Wakati huo Mzee Hamisi akafika, ameletwa na bodaboda, amejishika kofia. Akasikiliza kesi yetu akiwa bado juu ya pikipiki.

"Katibu," akasema, "jukwaa halibebeki. Lakini sofa?"

Tulibeba sofa. Mimi, Katibu, dereva wa lori, wapiga matoazi wawili na wanawake wa kuku. Tulivuka uwanja na sofa nne, meza na maua, tukaziweka chini ya jabali kubwa, ambako kivuli kingefika mapema mchana. Bi Zaituni alikuwa ameshakaa juu na wenzake, akatupigia makofi kama vile sisi ndio bendi. Na kwa kuwa pale palipo tambarare ni padogo, sofa ya mgeni rasmi ilikuja ikasimama karibu kabisa na alama yangu ya chokaa, ambako Monika alikuwa kwenye kiti chake na kitenge kipya.

Katibu akainama. "Mama Neema, samahani, tukusogeze kule kidogo? Hapa ni kwa wageni."

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, sauti ya Bi Zaituni ikashuka kutoka juu: "Usimguse mwenyeji wetu! Sisi tumelala kwake. Ukimsogeza yeye, na sisi tunashuka tunaondoka." Na kundi zima la majabalini likaitika. Katibu akaninyooshea mikono kama mtu aliyeibiwa.

Mchana, kivuli kikiwa kimeshafika, gari la mgeni rasmi likaingia. Akashuka, akatazama jukwaa tupu, akatutazama sisi ng'ambo ya uwanja. Hakuna njia nyingine, ilibidi avuke kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Ile safari fupi niliiona ndefu kuliko barabara ya Rungwa. Katibu alimkimbilia akawa anaeleza huku anatembea kinyumenyume. Mgeni rasmi alifika, ametoka jasho, akamwona mama mwenye kiti cha magurudumu karibu na sofa yake. Akavua miwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kaa hapa karibu, huko mwisho jua litakufuata."

Akakaa. Akahema. "Kumbe huku kuna kivuli," akasema. Katibu nusura aanguke kwa furaha.

Bendi ya kwanza ikaingia. Nilisimama kando na ndoo yangu, simtazami mtu mwingine ila Monika. Matarumbeta yakainuliwa yakitutazama sisi, na sauti ikaja. Siwezi kuieleza. Ilikuja na upepo, ikatupita, ikagonga majabali na kurudi, na watu wale juu, waliokuwa wakiondoka kabla ya alasiri miaka miwili mfululizo, wakasimama wote kwa pamoja. Mdomo wa Monika ukacheka upande mmoja, ule uliobaki. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupiga mkono wa kiti kwa ncha za vidole, pigo kwa pigo na ngoma ndogo, na pale bendi ilipochelewa kidogo yeye hakuchelewa. Mgeni rasmi alikuwa anamwinamia anamwuliza hili na lile, naye anamweleza bila kuacha kupiga.

Ilipokaribia adhana ya alasiri Mzee Hamisi alitikisa taulo lake, bendi zikanyamaza, waliotaka kusali wakasali kwenye kivuli, wengine wakala kuku. Nilikaa nikihesabu wanaoondoka. Waliondoka wawili, wakarudi, walikuwa wamekwenda chooni.

Bendi ya mwisho ilikuwa na umbo la alizeti. Walisimama duara dogo katikati wamebanana, halafu wakafunguka polepole, petali moja baada ya nyingine, ua zima likageukia majabali. Watu wa majabalini wakapiga kelele za shangwe. Kiongozi wa bendi, binti mrefu mwenye fimbo, akaja mbele kwa hatua kufuata mshale wangu hadi mwisho kabisa, kutoa saluti kwa mgeni rasmi kama ilivyo desturi. Mgeni rasmi alikuwa bado anatazama lile ua, amesahau kusimama. Aliyejibu ni Monika. Aliinua mkono wa kushoto taratibu mpaka kwenye paji la uso. Yule binti akamwona. Akageuza macho kwake, akapiga saluti ya pili, ya peke yake, na kisigino chake kikagonga ardhi.

Nililia. Naandika hivyo hivyo, mtanicheka mkitaka. Katibu naye alilia, alisema ni vumbi, na mimi najua uwanja wangu haukuwa na vumbi.

Mkutano haujaondoka tena. Sofa zinawekwa chini ya jabali kila mwaka na hakuna anayekumbuka kwamba zilikuwa ng'ambo. Monika alizisikia bendi zake miaka mingine kadhaa, uso kwa uso. Mwaka juzi, msimu wa mvua ulipokuwa unaisha, alilala mchana na hakuamka. Bi Zaituni alikuja msibani kutoka Itigi na kigoda chake.

Mkutano uliofuata nilichora ile alama bila kufikiri, mkono ulijichorea. Nilipoinuka ndipo nikakumbuka. Nikataka kuifuta, nikaenda kuchukua jembe, nikalirudisha. Nikaleta kiti cha plastiki nikakiweka juu yake. Bendi zikapiga, kiti kitupu, na hakuna mgeni aliyekikalia ingawa mahali palikuwa padogo. Mwaka jana, ule wa mwisho kwangu kazini, bendi ya mwisho ilipoingia Bi Zaituni alinitazama kutoka juu akasema, "Elia, miguu inauma ya nini? Kaa." Nilikuwa sijawahi kukaa. Miaka yote nilisimama na ndoo. Nikakaa pale, matarumbeta yakainuka, nikaona nyuso.

Kwa hiyo binti yangu, ile alama ni ya kazi. Kabla hujafungua chokaa, peleka kiti pale ukae, na wenzako mmoja mmoja wakae, muone mtakachowapa watu. Halafu mkimaliza kukaa, siku ya bendi mniachie.